MBWA ANAPOCHECHEMEA: SARATANI YA MIFUPA, DALILI ZAKE NA NAMNA YA KUIKABILI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika toleo hili nimeonelea tuzungumze juu ya wingu moja ambalo wengi wetu hulipita kila siku huku bara ya Mombasa, nalo ni mbwa anayechechemea. Yuko Likoni karibu na steji ya matatu, yuko Changamwe kwenye lango la bohari, yuko Kisauni nyuma ya ukuta mrefu wenye vigae vya chupa. Tukimwona twasema, "Aah, huyo kapigwa jiwe," ama "Ameteguka tu, atapona." Mara nyingi huwa ni kweli. Lakini mara nyingine mguu ule umebeba ugonjwa mzito, na kila wiki inayopita bila kutazamwa humpunguzia mnyama nafasi ya kuishi bila maumivu.

Labda mwenzangu utauliza, "Kwani mada zimekwisha hata tuandikiwe habari za mbwa?" Swali ni la haki. Hapa Pwani nyumba nyingi hazifugi mbwa, na walio Waislamu hujihadhari na mate yake kwa sababu ya najisi. Hata hivyo, kutomgusa mnyama si kumtesa. Madrasani tumefunzwa sote kisa cha mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Tena mbwa anatufanyia kazi hata sisi tusiomfuga. Maduka yetu, maghala na mashule hulindwa usiku na mbwa. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu, na bandari yetu ya Mombasa ni miongoni mwa mahali walipofanya kazi mbwa hao. Anayetulinda anastahili kutazamwa anapougua.

Iko sababu nyingine pia, nayo yatuhusu sisi wanafunzi wenyewe. Hiyo nitaieleza mwishoni, kwa hivyo usiifunge jarida mapema.

SARATANI NI NINI?

Sisi wa Chama cha Kiswahili hatuwezi kulipita neno bila kulipekua. Neno "saratani" tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mdudu wa pwani mwenye magando. "Kansa" nayo asili yake ni Kilatini, na huko pia maana yake ni kaa! Wagiriki wa kale ndio waliolianza jina hilo, manake waliuona uvimbe ule umetanua mishipa yake pande zote kama miguu ya kaa. Kwa hivyo atakayekuambia "kansa" na atakayekuambia "saratani" wote wamekutajia mnyama mmoja.

Mwili wa kiumbe umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi, hufa na kuachia nyingine nafasi, yote kwa mpango. Saratani ni pale chembe fulani zinapouasi mpango huo, zikawa zazaana ovyo bila kukoma. Zikianzia katika mfupa, basi ni saratani ya mfupa. Ziko aina kadhaa, lakini iliyo kubwa kwa mbwa ni ile madaktari waiitayo osteosakoma. Katika kila mbwa 100 wenye uvimbe wa saratani ulioanzia mfupani, wapata 85 huwa wana aina hii.

Ubaya wa osteosakoma ni wa namna mbili. Kwanza, huula mfupa kutoka ndani na kuufanya mwepesi kuvunjika. Pili, chembe zake husafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni. Siku mbwa anapogunduliwa kuwa na ugonjwa huu, kwa kawaida chembe zimekwisha kusafiri, ingawa picha ya kifua bado yaonyesha mapafu safi. Wataalamu hukadiria kuwa mbwa 90 katika kila 100 wako katika hali hiyo.

MBWA GANI WAMO HATARINI ZAIDI?

Huu ni ugonjwa wa mbwa wakubwa wa mwili. German Shepherd, Rottweiler, Doberman, Great Dane na jamaa zao wamo hatarini kuliko wengine. Hawa wawili wa mwanzo ndio hasa wanaopendwa na makampuni ya ulinzi na wenye majumba huku kwetu. Mbwa koko wetu wa mtaani, mwenye mwili wa wastani, hupatwa mara chache. Mbwa wa chini ya kilo 15 ni kama 5 tu katika kila wagonjwa 100.

Umri nao una neno. Wengi hupatwa wakiwa na miaka 7 hadi 10, yaani uzeeni. Lakini liko kundi dogo linalopatwa mapema, kwenye mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Basi usiseme, "Huyu bado kijana, hawezi kuwa na saratani."

Jambo jingine la kuzingatia ni kuhasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu Rottweiler huko Marekani ulionyesha kuwa waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, takriban mmoja katika kila wanne alipata saratani ya mfupa maishani mwake. Hii si sababu ya kukataa kuhasi mbwa, kwani kuhasi hupunguza mbwa wasio na mwenyewe wanaozagaa mitaani. Ni sababu ya kumwuliza daktari wa mifugo umri unaofaa, hasa kwa mbwa wa jamii kubwa.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mbwa hasemi. Tena kwa tabia yake huficha maumivu mpaka yamshinde. Kwa hivyo mwenye mbwa, ama askari wa lango anayeshinda naye, ndiye wa kumsemea. Atazame haya:

1. Kuchechemea mguu mmoja. Mwanzo huja na kwenda. Leo anachechemea, kesho yu mzima, keshokutwa tena. Baadaye hakuachi.

2. Uvimbe mgumu juu ya mfupa, karibu na kiungo. Ukiubonyeza, mbwa hulia, huvuta mguu au hugeuka kutaka kuuma.

3. Mahali penyewe. Madaktari wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: "mbali na kiwiko, karibu na goti." Katika mguu wa mbele ugonjwa hupenda sehemu ya juu karibu na bega, au ya chini karibu na kifundo. Katika mguu wa nyuma hupenda kuzunguka goti. Miguu ya mbele hupatwa zaidi ya ile ya nyuma, takriban mara mbili.

4. Misuli ya mguu ule kunywea kwa sababu hautumiki.

5. Mabadiliko ya tabia. Mbwa aliyekuwa mkali wa kuruka ukuta sasa amelala tu. Aliyekuwa mpole sasa ananguruma akiguswa. Chakula anakisusa, usiku halali, anahema bila joto.

6. Mguu kuvunjika kwa jambo dogo, kama kushuka ngazi. Mfupa mzima hauvunjiki hivyo. Ukivunjika kwa sababu isiyoingia akilini, shuku ugonjwa ndani yake.

Kanuni ya kushika ni hii: mbwa mkubwa akichechemea zaidi ya wiki mbili, ama akachechemea na uvimbe mgumu ukaonekana hata kama ni siku mbili, apelekwe kwa daktari. Asingojewe.

SI KILA ANAYECHECHEMEA ANA SARATANI

Tusije tukatia watu hofu bure. Mbwa huchechemea kwa mwiba, kwa kuumwa na mwenziwe, kwa kugongwa na tuktuk, na kwa maradhi ya viungo ya uzeeni.

Huku kwetu kuna kupe pia. Kupe wa mbwa huambukiza ugonjwa wa damu uitwao erlikiosisi. Mbwa hupata homa, maungo humwuma, ufizi huwa mweupe na wakati mwingine hutokwa damu puani. Huyu naye huchechemea, ila uchungu wake huweza kuhama kutoka mguu hadi mguu, na akitibiwa mapema kwa dawa ifaayo aweza kupona kabisa.

Vilevile yako maambukizi ya mfupa yanayotokana na jeraha, ambayo kwenye picha huweza kufanana sana na saratani. Ndiyo maana hakuna mtu, hata daktari, anayeweza kukata shauri kwa kumtazama mbwa kwa macho peke yake.

Na je, miguu yote minne ikivimba kwa pamoja? Hapo mambo ni mengine. Mara nyingi chanzo hakiko miguuni, kiko kifuani. Na hapa, ndugu msomaji, tunaingia katika habari ambayo ni yetu hasa sisi watu wa Kenya.

MNYOO, MBAWAKAWA NA SARATANI

Huenda umewahi kumwona mbawakawa mweusi anayeviringisha donge la mavi kwa miguu ya nyuma. Watoto humcheza. Kumbe mdudu huyo ni kiungo cha ugonjwa mmoja wa ajabu!

Kuna mnyoo mwekundu uitwao kwa jina la kitaalamu Spirocerca lupi. Mwaka 1968 Murray alichapisha utafiti juu ya mnyoo huu na madhara yake katika mbwa wa Kenya. Mwaka 1977 Brodey, mtaalamu wa saratani za wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wenzake akiwemo Sayer, walichapisha utafiti mwingine juu ya mbwa wa nchi hii hii. Kwa hivyo jambo hili halikusomwa kwa wenzetu wa mbali tu. Mbwa wetu ni sehemu ya elimu hiyo.

Safari ya mnyoo ni hii. Mbwa mgonjwa huenda haja, na katika kinyesi mna mayai ya mnyoo. Mbawakawa hukila kinyesi, na yai likaanguliwa ndani yake. Mbwa mwingine humla mbawakawa yule, au humla kuku, mjusi au panya aliyekwisha kummeza mbawakawa. Kiluwiluwi cha mnyoo hutoboa tumbo la mbwa, hupanda kwa kufuata mishipa ya damu mpaka mshipa mkuu utokao moyoni, na kukaa humo muda wa miezi mitatu hivi. Kisha huhamia kwenye umio, ile njia ya chakula kifuani, na kujenga kivimbe. Humo ndimo wanapokaa minyoo wakubwa wakitaga mayai.

Sasa baadhi ya vivimbe hivyo hugeuka saratani. Na la kustaajabisha ni kwamba aina mojawapo ya saratani hiyo ni osteosakoma, saratani ya mfupa inayoota katika umio ambamo hamna mfupa kabisa! Mbwa wa namna hii hutapika chakula mara tu baada ya kukila, hudondoka mate, hukonda, na miguu yake yaweza kuvimba yote kwa sababu ya ule uvimbe wa kifuani. Wengine hufa ghafla mshipa mkuu unapopasuka, na watu wakadhani kalishwa sumu na jirani. Ugomvi wa bure huzuka hapo.

Tofauti ya saratani hii na ile ya mguuni ni kwamba hii tunaweza kuikinga. Osteosakoma ya mguuni hatujui njia ya hakika ya kuizuia. Lakini mnyoo tunaweza kumkatia njia:

- Kinyesi cha mbwa kizolewe kila siku na kuzikwa au kutupwa chooni, mbawakawa wasikipate.

- Mbwa asipewe matumbo mabichi ya kuku. Najua huku kwetu wauza kuku huyatoa bure ama kwa bei ya kutupa. Yapikwe kwanza.

- Mbwa asiachwe kuzurura majalalani. Jalala kubwa kama lile la Mwakirunge ni karamu ya mbwa, lakini mwenye kula humo hajui anachomeza.

- Daktari aulizwe dawa inayomfaa mnyoo huyu. Dawa za kawaida za minyoo ya tumboni hazitoshi. Wala mtu asichukue dawa ya sindano ya ng'ombe au mbuzi akamdunga mbwa kwa kukisia. Wako mbwa, hasa jamii ya Collie, ambao dawa ya aivamektini ikizidi kipimo huwalaza chini wasiinuke.

Mnyoo huyu akigunduliwa kabla kivimbe hakijageuka saratani, dawa ya doramektini ikitolewa na daktari huweza kummaliza. Kikishageuka, kazi ni ngumu mno. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA DAKTARI KUNA NINI?

Watu wengi huogopa kwenda kwa daktari wa mifugo kwa kutojua wataulizwa nini. Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa Mtongwe aliyempeleka mbwa wake wa ulinzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea huyu, mguu wamsumbua."

"Tangu lini, baba?"

"Yapata wiki tatu sasa. Mwanzo alikuwa akipona."

"Ameanguka, ama amegongwa?"

"Hata! Ni mguu tu."

"Anakula? Anatapika? Umempa dawa yoyote?"

"Kula anakula kidogo. Dawa... nimempa vidonge vyangu vya mgongo, viwili."

"Ahsante kwa kuniambia, mzee wangu. Hilo ni muhimu sana. Vipi vyenyewe?"

Mzee amefanya vyema kusema kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari asiyejua mbwa amemeza nini aweza kumwongezea dawa ikamdhuru.

Baada ya maswali, daktari atamfunga mbwa mdomo kwa kitambaa kabla ya kumshika. Mbwa mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Na hapa niseme kwa mkazo: yeyote aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kisha hufuata eksirei ya mguu. Mfupa wenye saratani huonekana umeliwaliwa kama boriti iliyoingiwa na mchwa, na pembeni yake huota vijiti vya mfupa mpya kama miale ya jua. Kwa kawaida saratani haivuki kiungo kwenda mfupa wa pili. Hupigwa picha ya kifua vilevile. Mwisho, huchukuliwa chembe kidogo za uvimbe kwa sindano zikatazamwe kwa hadubini. Hapo ndipo jina la ugonjwa hupatikana kwa uhakika. Damu nayo hupimwa.

Pa kuanzia ni kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ama ofisi ya mifugo ya kaunti. Penye uzito, daktari huweza kuomba msaada kwa Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete, ambako madaktari wengi wa nchi hii walisomea.

MATIBABU

Tuseme ukweli bila kuupaka sukari. Ugonjwa huu mara chache sana huponywa kabisa. Makusudio ya matibabu ni mawili: kuondoa maumivu, na kurefusha maisha yenye raha.

Njia ya kwanza ni kuukata mguu. Najua msomaji ameshtuka! Lakini chanzo cha maumivu ni ule mfupa unaoliwa, na ukiondoka, maumivu yake huondoka nao. Mbwa hana aibu kama binadamu, hajali atatazamwaje. Wengi huanza kutembea kwa miguu mitatu katika siku chache tu, na baada ya majuma kadhaa hukimbia. Wasiofaa kukatwa ni wale wanene mno na wale ambao miguu mingine tayari ni mibovu.

Kukata peke yake hakuzuii zile chembe zilizokwisha kufika mapafuni. Mbwa waliokatwa bila tiba nyingine, nusu yao huishi miezi 4 au 5 hivi. Wakiongezewa dawa za kuua chembe za saratani, kama vile kaboplatini, nusu yao hufikia miezi 10 hadi 12, na kama wawili katika kila kumi hufikisha miaka miwili. Dawa hizo hupigwa kwa sindano ya mshipani kila wiki tatu, mara nne hadi sita. Siku za mwanzo baada ya sindano, anayezoa mkojo na kinyesi cha mbwa avae glavu, na watoto wakae mbali.

Njia ya pili ni kutuliza tu. Si kila mtu ana fedha za upasuaji, na hakuna aibu katika hilo. Daktari huweza kutoa dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama meloksikamu au kaprofeni, na kuongeza nyingine maumivu yanapozidi. Nyumbani mbwa alazwe mahali laini, sakafu yenye vigae itandikwe mkeka au gunia asiteleze, asiruke wala kupanda ngazi, na lango lipewe mbwa mwingine. Kwa njia hii mbwa huishi miezi michache.

VIDONGE VYA BINADAMU NI HATARI

Hili nimelipa kichwa chake kwa sababu ndilo kosa linalotendeka zaidi, tena kwa nia njema. Tumbo la mbwa si tumbo letu. Aibuprofeni na diklofenaki, vidonge ambavyo twavinunua dukani bila kuulizwa, humtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli kwa kipimo cha kukisia humharibu ini. Kuchanganya dawa mbili za maumivu, ama dawa ya maumivu na steroidi, ni hatari zaidi. Mbwa akianza kutapika damu au kutoa choo cheusi kama lami, dawa isimamishwe na daktari atafutwe mara moja. Kuukanda mguu kwa nguvu na kuuchanja nako ni kumzidishia mnyama mateso, na mfupa dhaifu waweza kuvunjika mikononi.

SIKU YA KUAGANA

Itafika siku dawa hazitoshi. Mwenye mbwa ataijuaje? Ziko familia zinazotumia kalenda ya ukutani. Kila jioni huulizana: leo amekula? Amelala? Amesimama mwenyewe? Ametikisa mkia alipoitwa? Siku njema hutiwa alama ya vema, siku mbaya mkato. Mikato inapozidi alama za vema, ndipo wakati wa kuzungumza na daktari juu ya sindano ya kumlaza mnyama asiamke.

Sindano hiyo haimwumizi. Mbwa husinzia, kisha moyo husimama. Hii ni tofauti kabisa na kumtilia sumu kwenye nyama, kumpiga rungu, ama kumpeleka mbali na kumtupa. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama. Mbwa aliyelinda lango kwa miaka minane hastahili kumalizia siku zake mtaroni akipigwa mawe na watoto wa shule. Na watoto wenyewe ni sisi.

NA SISI JE?

Niliahidi kueleza kwa nini haya yanatuhusu. Osteosakoma haiwapati mbwa pekee. Kwa binadamu ni ugonjwa adimu, lakini unapotokea huwapata hasa vijana wa umri wa kubalehe, wakati mifupa inaporefuka kwa kasi. Na mahali upendapo zaidi ni kuzunguka goti, kama ilivyo katika mguu wa nyuma wa mbwa!

Wengi mmesikia habari za Terry Fox wa Kanada. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu kwa ugonjwa huu. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchanga fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143 hadi saratani ilipomrudia mapafuni, akafariki Juni 1981. Tangu wakati huo tiba imesonga mbele, na vijana wengi ambao ugonjwa haujasambaa hupona. Sehemu ya elimu hiyo ilitoka kwa mbwa. Huko Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, daktari Stephen Withrow na wenzake waliwatibu mbwa wagonjwa kwa kuondoa mfupa mbovu bila kuukata mguu, na waliyojifunza yakawasaidia madaktari wa watoto.

Basi mwanafunzi mwenzangu, ukiwa na maumivu ya goti au bega yasiyoisha wiki kadhaa, yanayokuamsha usiku, ama ukaona uvimbe unaokua, usinyamaze ati ni mpira wa juzi. Mwambie mzazi, mwambie mwalimu wa zamu, uende zahanati na uombe kupelekwa kupigwa picha. Mara nyingi itakuwa si kitu. Lakini sisi tumepewa ulimi wa kusema maumivu yetu, na mbwa hakupewa. Ukimwona anachechemea wiki baada ya wiki, mwambie mwenyewe. Tahadhari kabla ya athari.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja mahali pawili katika mguu wa mbele na pamoja katika mguu wa nyuma ambapo saratani ya mfupa hupenda kuanzia.
2. Eleza safari ya mnyoo kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine, kisha uonyeshe ni wapi tunaweza kuikata.
3. "Kumlaza mnyama asiamke ni huruma." Jadili, ukitumia methali zisizopungua tatu.